Uwanja wa Kuanikia Nguo

Jina lake kamili ni refu, na yeye mwenyewe hakubali lifupishwe. Ni Bi Timazi, mjukuu wa mchimba visima aliyechimba visima kumi na kimoja na hakuna hata kimoja kilichokauka; binti wa mchoma matofali aliyetoa matofali ya shule ya kwanza ya mji ule, ya zahanati na ya posta; mjane wa seremala ambaye milango yake haijawahi kulegea bawaba; na yeye mwenyewe, mwanamke wa kwanza pale kushika mwiko mbele ya wanaume, na wanaume wakabeba zege kwa amri yake. Jina hilo la Timazi alibandikwa na mafundi wenzake. Timazi ni kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi, ili fundi ajue kama ukuta umesimama wima au umeanza kulala. Lake lilikaa mfukoni mwa gauni kila siku, hata akienda msibani, na likimgongagonga paja anapotembea watu walijua anakuja.

Katika orodha hiyo ya sifa kuna jambo moja aliloliruka. Aliliruka kwa miaka sitini, na kuliruka huko nusura kuue watu ishirini na wanne.

Chuo cha jamii cha mji ule kilifundisha kazi kwa miaka miwili: umeme, ushonaji, ujenzi, kuhudumia wagonjwa. Wanafunzi wake hawakuwa watoto wa kushushwa na gari getini. Wengine walikuwa na watoto wao waliowaacha kwa bibi zao, wengine walifanya vibarua asubuhi ndipo waje darasani mchana. Chuo kilikuwa na madarasa sita, karakana moja na bendera, lakini bweni hakikuwa nalo, kwa hiyo kila mmoja alilala alikopata. Binti mmoja alilala juu ya meza ya saluni wateja wakishaondoka. Vijana wanane walipanga stoo ya duka la mbolea, wakawa wanakuja darasani macho mekundu, wananuka kama shamba lililopandwa jana.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamume mpole, mabega yameinama kama aliyebeba ndoo mbili. Alikuwa amesoma katika darasa lililojengwa na Bi Timazi, kwa hiyo alimwita Mama, na alipokwama alikwenda kwake. Siku hiyo alifika na karatasi kubwa kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Hiyo karatasi inakusumbua, naona unavyoikumbatia."

Ulikuwa mchoro wa bweni, kazi ya msanifu kutoka mji mkubwa. Bi Timazi alivaa miwani, akaukunjua mezani, akautazama mpaka chai ikapoa.

"Lobi," alisoma. "Lobi ndiyo nini?"

"Ni mahali pa kuingilia, Mama. Mtu anaingia, anakaa kidogo, halafu..."

"Anamsubiri nani?"

Mkuu akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Kwa mchoro ule, alisema, mwanafunzi akilipia chumba hatapata cha kula, na akila hatapata chumba.

"Basi aliyechora hajawahi kuwaona watakaolala humo," Bi Timazi alisema, akamrudishia. "Kesho niwekee wanafunzi karakanani. Warefu na wafupi. Na chaki ziwe nyingi."

Kesho yake aliwalaza sakafuni mmoja mmoja, akawazungushia chaki kama mshonaji anavyopima kitambaa.

"Wewe, ukilala unanyooka hivyo?"

"Hapana, Bibi. Nakunja magoti."

"Basi kunja. Sijengi kaburi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Akachora kitanda, akachora ndoo, akachora begi. Akamwambia kijana mmoja avae suruali akiwa amesimama, mwingine amekaa mezani anasoma, aone kama watapigana viwiko. Kutoka kwenye sakafu ile iliyojaa watu wa chaki ndipo chumba kilipozaliwa: hatua nne kwa tatu, cha wawili, kila mmoja na dirisha lake ili wasigombee mwanga. Meza ilitoka ukutani kama rafu ya zege, kwa sababu meza isiyo na miguu haitembei ikahamia chumba cha jirani. Mlango ulifungukia nje, kwenye veranda, usile nafasi ya ndani. Jiko moja kwa vyumba vinane. Matofali yangefyatuliwa palepale kwa mashine ya mkono, udongo wa palepale, saruji kidogo, na wanafunzi wenyewe wangefyatua kila Jumamosi. Lobi haikuwepo.

Kikabaki kiwanja. Chuo kilikuwa na kimoja tu, nyuma ya madarasa, tambarare, nyasi fupi, mbuzi wanalisha. Kila aliyekiona alikisifu. Bi Timazi alipokanyaga upande wa mashariki wa kiwanja kile, aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Alipajua pale. Zamani, mji ukiwa mitaa mitatu, palikuwa na tanuri la baba yake, na upande ule wa mashariki ndipo alipokuwa akichimba udongo wa matofali, mwaka baada ya mwaka, mpaka shimo likawa refu kuwazidi wanaume watatu waliopandana mabegani. Udongo mzuri ulipokwisha, baba alihamisha tanuri, akaliacha shimo wazi bila hata mti wa kuzuia mtu. Mvua zikalijaza. Maji yakaota ukijani, yakawa sawasawa na majani ya ukingoni. Asubuhi moja mvuta mkokoteni alikatiza hapo na mzigo wake, akaingia na mkokoteni wote. Walimtoa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika, na hakuvuta mkokoteni tena maisha yake yote. Kwa miaka mingi alionekana amekaa mlangoni mwa soko, mguu mmoja umenyooshwa, akiwatazama wenzake wanaopita na mizigo.

Baba hakwenda kumtazama. Alilifukia shimo kwa majivu ya tanuri, vigae na takataka za mji, mkokoteni ukiwa mlemle, umenasa karibu na ukingo. Alipomaliza alimwita binti yake wa miaka kumi, akamshika sikio, si kwa nguvu, akamwambia, "Hapa hapakuwa na shimo. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Nyasi zikaota. Waliojua wakahama, wengine wakafa, akabaki yeye.

Basi alipoichora ramani alilisogeza bweni lote magharibi, na juu ya lile shimo, kwa mwandiko wake ulionyooka wa darasa la saba, akaandika: Uwanja wa kuanikia nguo. Nguo hazina uzito, alijiambia. Angeandika shimo, maofisa wangekitupilia mbali kiwanja chote, na kingine hakikuwepo, na wale vijana wangerudi kwenye stoo ya mbolea. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa sababu ya kweli. Ya pili, ile ya baba, hakujiambia hata mwenyewe.

Bweni lilisimama, na lilisimama vizuri. Miaka mitatu watu walikuja kutoka vyuo vingine kulitazama, wakapima vyumba kwa kamba, wakaandika kwenye madaftari. Yule binti wa saluni alipata kitanda, na siku ya kwanza alilala mpaka saa nne asubuhi, mwalimu wake akakataza asiamshwe. Nguo zilianikwa upande wa mashariki, shuka na magwanda ya karakana yakipepea, na Bi Timazi akipita alizihesabu kwa macho kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kisha nyonga yake mwenyewe ikamshinda. Usinicheke kwa kusema hivyo, lakini yeye aliliona jambo hilo, na hakulipenda. Alipelekwa kwa binti yake, safari ya siku mbili, akapasuliwa, akajifunza kutembea upya kama mtoto. Alikaa huko miezi kumi.

Aliporudi, Mkuu alikuja kumpokea mwenyewe, uso umejaa furaha ya mtoto aliyeficha zawadi mgongoni. Alimshika mkono mpaka chuoni, wakazunguka madarasa, akasema, "Fumbua macho, Mama," ingawa hakuwa ameyafumba.

Uwanja wa kuanikia nguo haukuwepo. Badala yake palikuwa na jengo la ghorofa moja, vyumba sita chini, sita juu, rangi ya manjano mbichi. Juu ya ngazi yalipakwa maneno makubwa: BWENI LA BI TIMAZI.

"Wasichana tu, Mama. Ishirini na wanne. Waombaji walikuwa zaidi ya mia, wengine walilia ofisini kwangu. Kamati ikasema, eneo lote hili linaliwa na kamba za nguo? Hata wewe ungesema hivyohivyo."

Bi Timazi alishika fimbo kwa mikono miwili. "Msingi. Mlichimba kiasi gani?"

"Kama ule wa kwanza. Tulifuata ramani yako hatua kwa hatua. Na tulibahatika, ardhi ya huku ni laini, vijana walimaliza kuchimba kwa siku moja tu."

Hapo ndipo angesema. Lakini wasichana walikuwa wamejipanga kwenye ngazi wakiimba, mmoja ameshika sahani yenye mkasi, na utepe umefungwa mlangoni ukimngoja yeye. Alikata utepe. Mkono haukutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote.

Nyumbani, mpwa wake anayeishi naye, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alimtazama akivua viatu.

"Shangazi, watu wamekupa jengo zima, wewe umekunja uso kama uliyelishwa limau."

"Nimechoka."

"Sifa nazo zinachosha? Zilete kwangu basi, nikazivae mimi."

Wiki ile ile alianza kwenda bwenini. Alisema anakagua lipu. Kwa kweli alitafuta nyufa, na alizipata: moja chini ya dirisha la chumba cha mwisho, nyembamba kama mstari wa penseli, nyingine kwenye kona ya ngazi. Akafanya alichofundishwa na marehemu mumewe. Alikata vipande vya kioo upana wa kidole, akavibandika kuvuka ufa, saruji ncha hii na saruji ncha ile, akaandika tarehe pembeni. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika, na hapo hakuna wa kubisha.

Kila Ijumaa alirudi kuvitazama. Wiki ya kwanza, vizima. Ya pili, vizima. Akaanza kupumua.

Katika chumba cha mwisho juu walilala wasichana wawili. Mmoja alisoma ujenzi mwaka wa pili, mrefu, mwembamba, mnyamavu. Wenzake walimwita Rula. Mwenzake alisoma umeme na alisikika kabla hajaonekana. Huyo aliitwa Spika.

"Bibi," Spika alisema Ijumaa ya tatu, "hivyo vioo ni vya kujitazamia? Mbona vidogo hivi, au ni kwa ajili ya sura ya Rula?"

"Ni vya kuzuia wadudu."

"Hee, wadudu wa ghorofani wana anasa."

Rula hakucheka. Alichukua penseli, akailaza mezani, kwenye ile rafu ya zege, akaiachia. Penseli ikabingirika polepole kuelekea mashariki, ikaanguka.

"Mwezi uliopita ilikuwa haiendi," Rula alisema. "Na nikipiga deki, maji yanakimbilia kona ile, hayarudi. Darasani tumefundishwa kioo ni cha nini, Bibi."

Bi Timazi aliokota penseli. "Basi usiwaambie wenzako kwanza."

"Kwa nini?"

Alimrudishia penseli, akashuka ngazi. 

Ijumaa ya nne kioo cha ngazini kilikuwa kimekatika katikati, mkato safi kama uliopigwa kwa wembe. Akabandika kingine. Hicho kilidumu siku mbili. Na mchana, jua likiwa kali, ukaanza kusikika mlio ndani ya ukuta, si mkubwa, kama mtu anayesaga meno usingizini. Wasichana waliuzoea. Spika aliupa jina, aliuita Babu. "Babu ameamka," alikuwa akisema, na wote wanacheka.

Jumatatu iliyofuata mlango wa chumba cha chini, pembeni, ulikataa kufunguka. Katika jengo jipya milango ilifungukia ndani, kwa kuwa veranda ilikuwa nyembamba na ikifungukia nje ingewagonga wapitaji. Fremu ilikuwa imelala, ikaubana mlango kama kinywa kinavyobana mfupa. Msichana aliyekuwa ndani alitolewa dirishani, huku wenzake wakimvuta mikono na kumtania kwamba amenenepa kwa chakula cha chuo. Fundi akaja akaupiga randa mlango, ukafunguka, jambo likaisha. Bi Timazi aliyasikia kwa mpwa wake, aliyeyasikia sokoni kama kichekesho. Aliondoka na kandambili miguuni.

Mkuu alikuwa ofisini, meza imejaa ratiba za mitihani.

"Watoe wale watoto," Bi Timazi alisema, hakuna shikamoo wala marahaba. "Leo."

"Mama, kaa kwanza."

"Ardhi ya pale si nzuri."

"Kila nyumba mpya hutulia kidogo, wewe ndiye uliyetufundisha. Mitihani ni wiki tatu zijazo. Nikiwatoa watakwenda wapi? Kwenye meza za saluni?" Alifungua kabati, akaitandaza ramani ya kwanza, ile yenye mwandiko ulionyooka. "Nionyeshe hapa palipoandikwa kwamba ardhi si nzuri. Hapa pameandikwa kuanikia nguo. Mwandiko wako huu, Mama."

Aliutazama mwandiko wake. Haukuwahi kumkera kabla ya hapo.

Mkuu akalainisha sauti. "Nadhani umeumia kwamba tulijenga bila wewe. Una haki. Tulipaswa kukungoja."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na kaukweli kidogo ndani yake. Akageuka akatoka, na neno la baba yake akatoka nalo vilevile, halijatamkwa.

Siku mbili alikaa nyumbani. Alifyonza chai, akaitema. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, yenye tumbo jeusi, mvua za kwanza za msimu. Alijua maji yakiingia kwenye yale majivu kitakachofuata. Majivu makavu hubeba. Majivu yaliyolowa huwa uji.

"Shangazi," mpwa wake alisema, ameacha cherehani, "umemtazama nani hapo ukutani tangu jana?"

Ukutani palikuwa na picha moja tu, baba yake amesimama mbele ya tanuri, mikono nyuma.

"Alikuwa mtu mzuri?" mpwa aliuliza.

"Alikuwa na matofali mazuri," Bi Timazi alisema. Kisha akaomba viatu vyake.

Alifika chuoni wakati wa mkusanyiko wa asubuhi, wanafunzi wote wamesimama kwa mistari mbele ya bweni la manjano, Mkuu akisoma matangazo. Hakuomba ruhusa. Alipanda ngazi tatu, akatoa timazi mfukoni, akalining'iniza kwenye kona ya jengo kutoka kwenye msumari wa veranda ya juu, Rula akipanda juu kumfungia uzi bila kuulizwa. Chuma kiliyumba, kikatulia. Juu, uzi uligusa ukuta. Chini, kati ya chuma na ukuta, viliingia vidole vitatu.

Watu wa ujenzi walielewa mara moja.

"Hapa pana shimo," Bi Timazi alisema. "Lilichimbwa na baba yangu. Aliliacha wazi, mtu akaingia akavunjika nyonga, na baba akalifukia ili pasiwe na shimo. Mimi nilikuwa na miaka kumi nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Nilipokuwa na miaka sabini hakuna aliyeniambia, nikanyamaza mwenyewe."

Mkuu alikuwa amekunja karatasi yake mara nne. "Mama, una hakika? Miaka sitini ni mingi."

"Chimbeni hapo pembeni ya ukuta, si karibu sana. Mtakuta udongo kiasi cha mkono mmoja. Kisha majivu. Kisha vigae. Mkiendelea mtakuta pete ya chuma ya gurudumu la mkokoteni."

Wanafunzi wa ujenzi walileta sepeto na kuchimba, wakipokezana. Udongo ukaisha pale aliposema. Majivu yakaja, ya kijivu, laini, sepeto ikizama yenyewe bila kusukumwa. Vigae vikaja. Shimo lilipomfika mmoja kifuani, sepeto yake ikagonga kitu kikalia. Alikifukua kwa mikono. Chuma kilichopinda, kimeliwa na kutu, duara kubwa kama sinia. Aliyekishika alikiweka chini haraka kama kitu cha moto.

 Ndani ya ukuta, mlio ule ukasikika, wazi, mchana kweupe, na safari hii Spika hakumtaja Babu.

"Toeni magodoro," Mkuu alisema.

Walitoa kwa mistari, wakipokezana dirishani, kwa sababu milango miwili zaidi ilikuwa imeshakataa. Magodoro yakaingia madarasani, yakajaa hadi kwenye ubao. Saa nane mvua ikashuka. Bi Timazi alisimama kwenye veranda ya bweni la zamani, la kwanza, ameegemea ukuta wake, akatazama maji yakizama miguuni mwa jengo la manjano, hayatuami, hayatiririki, yanazama tu, kama yanayonywewa.

Spika alikuja kusimama kando yake, godoro begani, nywele zimelowa.

"Bibi, umetuokoa au umetufukuza? Nataka kujua nikwambie asante au nini."

"Usiseme lolote."

"Nilikuwa na dirisha langu mwenyewe," Spika alisema, taratibu, si kwa hasira. "Mara ya kwanza tangu nizaliwe." Akaenda zake darasani.

Jengo halikuanguka siku ile, wala mwezi ule. Hilo ndilo baya lake. Wasichana saba waliacha chuo, walikosa pa kulala. Wawili walihamia sebuleni kwa Bi Timazi, na mpwa wake akajifunza kushona huku mtu anakariri nyaya za umeme kwa sauti. Mjini watu walianza kusema habari za mvuta mkokoteni, na wajukuu zake, ambao walikuwepo muda wote, wakatokea, wakamsalimu Bi Timazi njiani kwa adabu iliyomkata kuliko tusi. Na baada ya mvua walikuja maofisa wawili wenye kofia ngumu. Waligonga kuta kwa vidole, wakasema lipu ipigwe upya, nguzo iongezwe moja, muhula ujao watu warudi, maana wahitaji ni wengi. Mkuu hakukataa. Alisema atafikiria, na alisema hivyo akitazama chini.

Siku hiyo Bi Timazi alimwita Rula nyumbani. Nyonga ilikuwa imerudia maumivu, na binti yake alikwishatuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua, na safari hii si kwa miezi kumi. Alikuwa amekaa kitini mezani, ile ramani ya kwanza imetandazwa mbele yake. Aliiomba kwa Mkuu, naye alimpa bila neno.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vioo?"

"Vyote vimekatika. Nilibandika vipya Ijumaa, na leo viwili vimekatika tena."

"Endelea kubandika. Kila Ijumaa, na tarehe. Wakipiga lipu, wewe bandika juu ya lipu. Wakikukataza, bandika wakiwa wameondoka." Alitoa timazi mfukoni, likiwa na uzi wake uliosokotwa, unaong'aa kwa mafuta ya mikono, akaliweka kwenye kiganja cha msichana. Rula hakutarajia uzito ule, mkono ukashuka kidogo.

"Bibi, mimi ni mwanafunzi tu. Wale wana mihuri."

"Hilo halisomi mihuri." Akamsogezea penseli. "Kuna kazi mbili. Ya kwanza, wale ishirini na wanne, hata wale saba walioondoka, wanataka mahali. Chukua chaki, walaze sakafuni, uchore upya, magharibi, juu ya lile bweni la zamani kama kuta zitabeba. Pima kwanza. Milango ifungukie nje."

"Na ya pili?"

Bi Timazi alipitisha kidole juu ya mwandiko wake mwenyewe, ule ulionyooka. "Futa hapa. Uandike wewe, mwandiko wangu hawauamini tena. Na akija mtu kukuuliza mimi ni nani, unitaje kwa jina langu lote, mchimba visima, mchoma matofali, posta na zahanati na yote, halafu useme baba yangu alichimba shimo akaliacha wazi, na mimi nikalianikia nguo. Usiruke."

Rula akafuta. Karatasi ilikuwa ya zamani, ilibaki na kivuli cha maneno.

"Hapa pana shimo," Bi Timazi alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Basi andika. Kwa herufi kubwa."